UMETUPWA SHIMONI? SOMA HABARI ZA YEREMIA!



Huenda hujazoea kuingia kanisani. Huenda karatasi hii umepewa tu njiani, ukaipokea kwa heshima, na moyoni umeshaamua kuitupa mbele kidogo. Hebu usiitupe kwanza. Kaa chini, hata kama ni pale kijiweni, usome habari za mtu mmoja. Mtu huyu alianza akiwa kijana kama wewe. Alikataliwa na ndugu zake, alipigwa, alifungwa, alishushwa kwenye shimo la matope, na kuna siku alitamani asingezaliwa kabisa. Lakini hakufia shimoni. Jina lake ni Yeremia.

Kwa nini nikuambie habari za mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita? Kwa sababu vijana wengi wanadhani Biblia ni kitabu cha watakatifu wasiojua shida. Eti manabii walikuwa watu wa mawinguni, hawakulala njaa, hawakulia, hawakukata tamaa. Sivyo, ndugu yangu! Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliobanwa na mambo mazito, na katika mambo hayohayo wakamwona Mungu. Ndiyo maana habari zao zinakuhusu wewe unayesoma leo.

ALIITWA AKIWA BADO KIJANA

Yeremia alizaliwa Anathothi, kijiji kidogo katika nchi ya kabila la Benyamini, karibu na mji wa Yerusalemu. Ni mwendo wa miguu wa saa moja hivi. Baba yake aliitwa Hilkia, mtu wa ukoo wa makuhani. Ilipofika mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, yaani kama mwaka 627 kabla ya Kristo, Mungu alisema na Yeremia. Alimjulisha kwamba alimfahamu na kumchagua kuwa nabii hata kabla hajaumbwa tumboni mwa mama yake.

Je, unajua Yeremia alijibu nini? Hakuruka kwa furaha. Alijitetea! Alisema hajui kuongea, na tena umri wake ni mdogo. Si ndivyo na wewe unavyosema? Sikusoma sana. Sina mtaji. Sina mtu wa kunishika mkono. Mimi ni nani hata Mungu anijue? Lakini Mungu hakuukubali udhuru ule. Alinyosha mkono wake akamgusa kinywa, akampa maneno ya kusema.

Halafu sikiliza ahadi aliyompa. Hakumwambia kwamba njia itakuwa laini. Alimwambia wazi kwamba wakubwa wa nchi watapigana naye, lakini hawatamshinda, kwa maana Mungu atakuwa pamoja naye ili amwokoe. Shika sana jambo hili, kijana. Ahadi ilikuwa ni ya MTU WA KUWA NAYE NDANI YA VITA. Kukosa vita hakukuwamo. Kazi yote ya Yeremia, zaidi ya miaka 40, ilisimama juu ya ahadi hiyo moja.

NDUGU ZAKE WALIMGEUKA

Kazi aliyopewa haikuwa ya kumpatia marafiki. Watu wa Yuda walikuwa wakiiba, wakizini, wakiapa uongo, wakifukizia miungu mingine uvumba, kisha wanakuja hekaluni wamevaa vizuri na kusema wako salama. Wageni, yatima na wajane walikuwa wanaonewa. Yeremia alisimama langoni pa hekalu akawaambia kwamba jengo la Mungu halimfichi mwizi. Watubu, watende haki, la sivyo mji utaangamia.

Unafikiri walimpigia makofi? Watu wa kijiji chake mwenyewe, Anathothi, walipanga kumwua. Hata ndugu zake wa nyumba ya baba yake walimsaliti, huku usoni wanamwambia maneno mazuri. Tena Mungu alimwagiza asioe wala asizae watoto mahali pale, iwe ishara ya msiba uliokuwa unakuja. Kwa hiyo wenzake walipokuwa na harusi, yeye alikuwa peke yake.

Mfalme Yosia, aliyekuwa mwema, aliuawa vitani Megido mwaka 609 kabla ya Kristo. Baada yake mambo yakaharibika kabisa. Kuhani mmoja aitwaye Pashuri, msimamizi mkuu wa hekalu, alimpiga Yeremia, akamtia mkatale. Mkatale ni chombo cha mbao cha kumbana mtu miguu asiweze kuondoka. Alikaa hivyo mpaka kesho yake, langoni, mahali watu wanapita. Kila apitaye anamwona. Kila apitaye anacheka.

SIKU ALIYOTAMANI ASINGEZALIWA

Sasa hapa, ndugu yangu, soma polepole. Katika sura ya 20 ya kitabu cha Yeremia, palepale baada ya habari za mkatale, yameandikwa maombi ya ajabu. Nabii wa Mungu anamlalamikia Mungu kwamba amemshinda nguvu, na kwamba watu wanamcheka mchana kutwa. Anailaani siku aliyozaliwa. Anamlaani hata mtu aliyempelekea baba yake habari kwamba amepata mtoto wa kiume. Anauliza kwa nini alitoka tumboni ili aone taabu na huzuni tu.

Je, Mungu alimpiga radi? Hapana. Je, alimfukuza kazi? Hapana. Maneno yale machungu aliacha yaandikwe ndani ya Biblia, ili wewe uliyeamka leo na mawazo kama hayo ujue kwamba unaweza kumwambia Mungu ukweli wa moyo wako bila kupakwa rangi.

Najua naongea na nani. Katika mikutano ya injili nimeona vijana wamekaa nyuma kabisa, wamevuta kofia machoni. Wako waliofeli mtihani. Wako waliomaliza shule miaka mingi na kazi hakuna. Yuko binti aliyepewa mimba akakimbiwa. Yuko aliyejaribu kuzima mawazo kwa gongo na bangi, na asubuhi mawazo yakarudi na ndugu zake. Na yuko ambaye ameanza kuwaza kujitoa uhai. Ikiwa ni wewe, nakusihi katika jina la Yesu: USIFANYE HIVYO! Yeremia aliyalaani maisha yake, lakini hakuyaondoa. Aliyapeleka kwa yule aliyempa. Na katika maombi yaleyale anakiri kwamba alipojaribu kunyamaza, neno la Mungu lilimwaka ndani ya mifupa kama moto, akashindwa kulizuia. Alilia na kuamini katika siku moja. Ndiyo imani ya kila siku ilivyo, ndugu. Usingoje machozi yakauke ndipo uje kwa Mungu. Njoo nayo.

KITABU CHAKE KILICHOMWA MOTO

Alipokatazwa kuingia hekaluni, Yeremia alimwita mwandishi wake, Baruku mwana wa Neria, akamsomea maneno yote ya Mungu, na Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Gombo lile lilifika mpaka kwa mfalme Yehoyakimu. Ulikuwa wakati wa baridi, mfalme anaota moto. Kila kikisomwa kipande, mfalme anakikata kwa kisu na kukitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Wala hakushtuka.

Kazi ya miaka zaidi ya 20 imekuwa majivu! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mungu alimwambia Yeremia achukue gombo lingine, aanze upya. Wakaandika tena yote, na mengine mengi wakayaongeza. Mfalme yule amekufa zamani, na moto wake ulizimika. Lakini maneno aliyoyachoma ndiyo haya ninayokuhubiria leo. Haleluya!

TUMAINI LA UONGO NA TUMAINI LA KWELI

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza mfalme wa Babeli aliwachukua mateka watu wengi wa Yuda, pamoja na mfalme wao, mafundi na askari. Ndipo akainuka nabii mmoja aitwaye Hanania. Alitangaza kwamba ndani ya miaka 2 tu kila kitu kitarudi. Watu wanapenda maneno kama hayo! Lakini Mungu hakumtuma, na Hanania alikufa mwaka uleule.

Yeremia yeye aliwaandikia mateka barua. Aliwaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Kwa hiyo wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani na kula matunda, waoe na kuoza watoto wao, tena wauombee amani mji ule wa kigeni. Kisha akawahakikishia kwamba Mungu hajawasahau. Mipango yake kwao ni mema, na wakimtafuta kwa moyo wote watamwona.

Umeona tofauti? Tumaini la uongo lina haraka. Linasema utatajirika wiki hii, weka hela kwenye kamari, nenda kwa mganga, toa fedha upate muujiza kesho. Tumaini la kweli linakuambia: Mungu yupo hata hapa ulipo, basi amka, panda bustani yako, fanya kazi ya halali, ombea mtaa wako, mtafute Mungu. Wokovu si kukaa barazani unasubiri gari lishuke kutoka mbinguni. Kuuza mihogo kwa uaminifu nako ni imani.

SHIMONI, NA MTU MWENYE KAMBA

Siku za mfalme Sedekia, jeshi la Babeli liliuzingira Yerusalemu kwa mwaka mmoja na nusu. Chakula kikaisha. Yeremia alisema ukweli kwamba mji utatekwa, na atakayejisalimisha ataishi. Wakuu wakakasirika. Wakasema anawavunja moyo askari. Wakamchukua, wakamshusha kwa kamba katika kisima kimoja ndani ya uwanja wa walinzi. Hakikuwa na maji, kilikuwa na matope tu. Na Yeremia akazama katika matope yale. Walitaka afe kimya kimya kwa njaa.

Usidhani hii ni hadithi ya sungura na fisi. Majina ya wakuu hao yameandikwa katika Yeremia 38. Mwaka 2005 na mwaka 2008, wataalamu waliokuwa wakichimba katika sehemu ya kale ya Yerusalemu iitwayo Mji wa Daudi, walipata vipande viwili vidogo vya udongo vyenye alama za mihuri. Kimoja kina jina la Yukali mwana wa Shelemia. Kingine kina jina la Gedalia mwana wa Pashuri. Ni majina yaleyale ya watu wawili kati ya wanne waliotaka Yeremia afe!

Sasa tazama Mungu alivyofanya. Hakushusha malaika. Katika nyumba ya mfalme alikuwamo mtumishi mmoja mgeni, Mwafrika, aitwaye Ebedmeleki, Mkushi. Kushi ni nchi iliyokuwa kusini mwa Misri, katika eneo la Sudan ya leo. Mtu huyu alikuwa towashi, hana ukoo mjini, hana mtoto wa kumrithi. Lakini aliposikia habari za kisima hakunyamaza. Alimfuata mfalme langoni, mbele za watu, akamwambia kwamba waliyotenda wakuu ni maovu. Mfalme akampa watu 30.

Kabla ya kwenda kisimani, Ebedmeleki alipita chini ya ghala, akachukua nguo kuukuu na matambara. Akamteremshia Yeremia, akamwelekeza ayaweke kwapani chini ya kamba, ili kamba isimchubue. Kisha wakamvuta, taratibu, mpaka juu.

Matambara, ndugu yangu! Vitu vya kutupwa! Mungu alitumia mgeni asiye na cheo kikubwa na nguo zilizochakaa kumwokoa nabii wake. Mungu hamtupi mja wake. Kwa hiyo ukiwa shimoni, usinyamaze. Mwambie mtu leo hii: mama yako, mchungaji, mwalimu, jirani mwenye moyo. Usidharau kamba kwa sababu imefungwa matambara. Na wewe uliye juu ya shimo, ukisikia mwenzako yumo ndani, usiseme hayanihusu. Mungu alimpelekea Ebedmeleki ujumbe maalum kwamba siku ya mji kuanguka yeye ataokoka, kwa sababu alimtumaini Mungu. Na hakusahauliwa.

ALINUNUA SHAMBA WAKATI WA VITA

Katika siku hizohizo za kufungwa, Yeremia alipata mgeni. Alikuwa Hanameli, mwana wa baba yake mdogo au mkubwa Shalumu, anauza shamba lililoko Anathothi. Fikiri kidogo! Adui wamejaa nje ya mji. Anathothi yenyewe iko huko nje. Mnunuzi yuko kifungoni, hana mke wala mtoto. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetabiri kwamba nchi itatekwa. Nani atanunua shamba namna hiyo?

Lakini Mungu alimwambia alinunue. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, kama gramu 200 hivi. Akatia sahihi mbele ya mashahidi. Hati zikawa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine iko wazi. Akamwamuru Baruku aziweke katika chungu cha udongo zidumu siku nyingi. Maana yake ilikuwa hii: iko siku watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi hii.

Hakujisikia vizuri hata kidogo. Baada ya kununua aliomba, na maombi yake yanaonyesha kwamba alikuwa anashangaa. Lakini mkono wake ulikuwa umeshapima fedha. Hapa ndipo nataka ufike, kijana. TUMAINI SI KUJISIKIA VIZURI. Tumaini ni kulipia shamba kwa sababu Mungu amesema, hata kama macho yanaona jeshi.

Mwaka 586 kabla ya Kristo mji ulianguka, hekalu likachomwa. Sedekia aliona wanawe wakiuawa, kisha akapofushwa macho na kufungwa minyororo. Yeremia alifunguliwa, akapewa nafasi ya kwenda Babeli akatunzwe vizuri. Alikataa. Alibaki na maskini waliosalia. Baadaye watu waliokimbia vita walimchukua mpaka Misri, wakaendelea kumpinga hata huko. Biblia haisemi kwamba aliwahi kulima shamba lake.

Je, alipoteza fedha zake? Ngoja! Mwaka 539 kabla ya Kristo Babeli ilitekwa na Koreshi mfalme wa Uajemi, naye akawaruhusu Wayahudi kurudi kwao. Katika Ezra sura ya 2 imeandikwa orodha ya waliorudi, na katikati ya orodha kuna mstari mfupi unaoweza kuupita bila kuuona. Watu wa Anathothi: 128. Watu 128 walirudi kwenye kijiji chenye lile shamba! Neno la Mungu halikuanguka chini.

NA WEWE JE?

Yeremia alitabiri jambo lingine kubwa kuliko shamba. Alisema Mungu atafanya agano jipya, ataandika sheria yake ndani ya mioyo ya watu, na dhambi zao hatazikumbuka tena. Miaka kama 600 ikapita. Usiku ule wa mwisho Yesu aliketi na wanafunzi wake, akashika kikombe, akawaambia kwamba hilo ndilo agano jipya, katika damu yake. Kesho yake alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zako na zangu. Alishuka katika shimo la kaburi, shimo refu kuliko la Yeremia. Siku ya tatu akafufuka! Yeye ndiye kamba iliyoteremshwa kwako.

Sikuahidi kwamba ukiokoka leo, kesho utapata kazi na nyumba. Ningekuwa Hanania. Nakuambia kwamba dhambi zako zitasamehewa leo, na kwamba aliyekuwa na Yeremia kwenye mkatale, kwenye matope na safarini Misri, atakuwa na wewe chumbani kwako, sokoni, kwenye bodaboda, hata wodini. Utabaki na vita, lakini hutapigana peke yako.

Usiseme mpaka nijirekebishe kwanza. Mtu aliye shimoni hajivuti mwenyewe. Anashika kamba. Kama unataka kuishika, sali sala hii kwa imani, kwa sauti au kimoyomoyo:

Ee Mungu, nimekuja jinsi nilivyo. Mimi ni mwenye dhambi, na nimechoka. Naamini Yesu alikufa kwa ajili yangu na akafufuka. Nisamehe dhambi zangu zote. Ingia moyoni mwangu, andika neno lako ndani yangu. Nitoe katika shimo langu, na hata kabla sijatoka, uwe pamoja nami. Kuanzia leo mimi ni wako. Katika jina la Yesu. Amina.

Ikiwa umesali hivyo kwa moyo, mbingu inashangilia! Sasa fanya mambo manne. Mweleze mtu mmoja leo kwamba umempokea Yesu. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwako, usikae peke yako. Omba Biblia, hata ya kuazima, usome Injili ya Yohana, kisha usome mwenyewe Yeremia sura ya 32 na ya 38 uone kama nimekudanganya. Na kesho asubuhi, kabla hujafanya kitu kingine, fanya jambo moja dogo la mtu mwenye tumaini: lipa deni, omba msamaha, rudi nyumbani, panda mche.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Mpe mwenzako. Huenda yeye yumo kisimani sasa hivi, na haya ndiyo matambara yake.

Mungu akubariki sana.